Asilimia Tisini na Saba

Baridi ya Julai kwetu Makete haina adabu. Mwaka mmoja nilimwona jogoo anawika, mdomo wazi, shingo imetutumka, na sauti haitoki. Iliganda njiani. Tulikuja kuisikia saa nne, jua lilipokolea, jogoo mwenyewe keshasahau na yuko jalalani anachakura. Asiyetaka kuamini asiamini. Lakini wakubwa waliamini, maana walipotafuta mahali pa kujenga Ghala la Kumbukumbu, mashine zipoe bila kuhangaika, walipita mikoa yote wakaja kulijenga kwenye mteremko wa Kipengere, juu kidogo ya shamba langu.

Nimelitumikia ghala hilo miaka ishirini na sita. Chuo sikukanyaga. Niliingia kama fundi wa kufunga feni, nikawa naangalia wenzangu wanachobonya, na walipohamishwa mmoja mmoja nikabaki mimi ninayejua kila rafu inaumwa nini. Wasomi walikuwa na vipimo. Mimi nilikuwa na kipande cha mwanzi, urefu wa mkono. Ncha moja unaiegemeza kwenye diski, nyingine unaitia sikioni. Diski nzima inaguna kama paka aliyeshiba. Inayotaka kufa inakwaruza. Niliwahi kusikia diski ikikwaruza nikiwa nyumbani kwangu, kilomita mbili, na upepo unavuma upande mwingine.

Sasa nimestaafu, nalima viazi. Kazini niliondoka na mwanzi wangu, blanketi la kuagwa, na ugonjwa mmoja: kidole gumba cha mkono wa kulia kinabonya. Hakishiki kitu, kinabonya hewa tu. Nikiwa kanisani, nikiwa nakula, na mvua ikianza kunyesha ndiyo usiseme. Daktari alisema ni neva. Mama Faraja, mke wangu, alisema nimezoea vitufe, nitazoea na jembe.

Hakikuzoea. Na Jumanne ile asubuhi kilikuwa kimeamka kabla yangu.

*

Nilikuwa bohari, nachambua viazi vya mbegu, nikasikia hodi.

"Karibu, shemeji," nikasema, maana sauti niliitambua.

Enesia Tweve aliingia, akajifuta matope, akakaa juu ya kasha bila kungoja kuonyeshwa. Ni mjane wa Ananja, aliyekuwa mlinzi wa lango la bwawa, lile lililopeleka maji ya kupozea mashine za ghala. Ananja aliniita kaka, ndiyo maana Enesia ananiita shemeji, japo miaka kumi na moja ameniita hivyo kwa mbali, barabarani, bila kusimama.

"Kesho saa tatu ni rufaa ya mwisho," alisema. "Baada ya kesho hakuna tena wa kumwendea. Jina la mume wangu litabaki vile vile: mtu aliyefungua lango kwa kiherehere chake, akaua wenzake watatu na yeye wa nne. Binti yangu ameposwa mara mbili. Wakishasoma taarifa ya tume, hawarudi."

"Pole, shemeji."

"Sikuja kuchukua pole. Nimekuja kukuuliza swali moja la kitoto. Jiko la kambi ya wafanyakazi, pale alipokuwa anapika Mama Lupyana. Lilikuwa na dirisha?"

Nilicheka. "Dirisha la nini? Lilikuwa kiberiti lile. Mlango mmoja, nao umefungwa kwa ajili ya baridi."

Akatoa karatasi kwenye kanga. "Huu ni ushahidi wa watu kumi na mmoja, ukiuacha wako, kama ulivyotoka ghalani. Wote wamemwona Ananja anazungusha gurudumu la lango kwa mikono miwili. Wote wameona sweta la bluu. Wote wameona kunguru wawili wametua kwenye nguzo. Msimamizi aliyekuwa kilimani ameona kunguru. Sawa. Mama Lupyana, aliyekuwa jikoni anachagua maharage, naye ameona kunguru. Kawaonea wapi, shemeji? Ndani ya sufuria?"

Kicheko kilinikauka. Kidole kikabonya, kikabonya.

Ngoja nieleze, maana vijana mmezaliwa mkaukuta mtambo unafanya kazi na hamjawahi kuufungua. Kila mtu mzima anavaa kidani. Kidani kinachukua unachoona na kusikia, kila saa kinapeleka ghalani. Ukitaka kukumbuka jambo unakwenda kibandani, unaweka kidole gumba, dakika mbili, limekurudia lote. Hiyo ndiyo kuchota. Na mahakama inaamini cha ghalani tu. Ubaya ni mmoja: ukishachota, cha ghalani ndicho kinachokaa kichwani. Kile chako cha awali kinafutika kama chaki chini ya kitambaa kibichi. Kwa hiyo wote tuliokwenda mbele ya tume, baada ya lile balaa la maji, tulichota kwanza. Mimi pia. Namkumbuka Ananja kwenye gurudumu, sweta la bluu, kunguru wawili.

Enesia peke yake hajawahi kuchota kitu maishani mwake, hata harusi yake.

Na mimi nilijua kunguru wametoka wapi. Nilijua tangu alipotaja sufuria.

Ghala likijaa, fundi hutafuta vitu vinavyofanana. Watu mia wakihifadhi hotuba moja, unabakiza moja, hao tisini na tisa unawaandikia kijikaratasi: yako iko pale. Haimuumizi mtu, ilimradi vitu vifanane asilimia mia. Mwaka mmoja kabla ya balaa lile ghala lilibakiwa na nafasi ya siku nne. Diski mpya zilikuwa zimekwama kwenye lori, lori limekwama kwenye tope, na dereva ameoa huko huko alikokwama. Nikaona heri nishushe kile kiwango. Mia ikawa tisini na saba. Nikajiambia, tatu ni nini? Kumbukumbu mbili zikikaribiana sana, abaki mwenye picha safi zaidi.

Ijumaa theluthi nzima ya ghala ilikuwa tupu. Nikapewa cheti.

Nilichokisahau ni kwamba mashine hailinganishi picha kwa picha, ingemaliza karne. Inalinganisha alama: saa, mahali, na moyo unavyodunda. Watu kumi na mmoja ndani ya uzio mmoja, na mimi wa kumi na mbili, ukingo wa bwawa unapasuka, mioyo yote imeruka kwa mpigo mmoja. Mashine ikaona hao ni mtu mmoja. Ikabakiza macho ya msimamizi, ya wengine ikayatupa.

"Haya, za wengine ziko wapi?" Enesia aliuliza.

"Kumbukumbu za mwanzo hazipo tena ghalani, shemeji."

"Na tepu? Ananja aliniambia mlikuwa mnanakili kwenye tepu kila siku saa kumi, kabla mashine haijaanza kazi yake ya jioni."

"Sheria inasema tepu ziharibiwe baada ya miaka saba. Fomu nilisaini mwenyewe."

"Najua umesaini. Nauliza ziko wapi."

Nikatazama viazi. Nikatazama ukuta. Kusaini ni kitu kimoja na kuharibu ni kingine, na makasha ya tepu ni makavu, hayapitishi joto, panya wanayachukia. Viazi vya mbegu havijawahi kulala pazuri kama mle, tepu zikiwa chini yao.

"Shemeji," nilimwambia, "umezikalia."

*

Nilipanda ghalani saa tatu, gunia begani, viazi juu, tepu chini. Mkuu wa ghala sasa ni Tumsifu Luvanda, injinia kweli, mwenye vyeti, ila kusikiliza diski kwa mwanzi nilimfundisha mimi.

"Shikamoo mzee. Umeniletea viazi?"

"Marahaba, binti. Vya juu vyako. Vya chini vina historia."

Nilipomwambia, alifunga mlango wa ofisi. Akakaa, akasimama, akakaa tena. Tukafanana, maana na mimi nilikuwa nazunguka meza.

"Tisini na saba," alisema. "Mzee, mimi nilidhani ndivyo mtambo ulivyotoka kiwandani!"

"Mimi ndiye kiwanda."

"Unajua umesema nini? Mabaraza ya ardhi ya mikoa minne yanachota hapa. Watu waliokatana mapanga kwa ajili ya mpaka wanakuja, wanachota, wote wanaona mpaka ule ule, wanakwenda nyumbani. Majaji wanatoka nje ya nchi kuja kujifunza amani yetu. Mama yangu na shangazi hawakusalimiana miaka kumi na tano. Sasa wanasukana nywele."

"Kwa sababu wana kumbukumbu moja."

"Kwa sababu wana amani!"

Sikubisha. Mimi na jirani yangu Zakayo Fungo tuligombea kichaka cha milanzi, ile mianzi inayotoa pombe ya ulanzi, tangu ujana wetu. Tulipochota, sote tukaona baba yangu anaipanda. Zakayo akaniomba radhi, akalia, na tangu hapo ulanzi nakinga mimi na kunywa tunakunywa wote. Ni kweli baba aliipanda? Sasa nilikuwa sijui.

"Tuisikilize kwanza," nilisema. "Labda haina kitu."

Tepu iliyotoka kwenye baridi haichomekwi hapo hapo; inatoa jasho, inanata, inakatika. Tuliiweka kwenye mgongo wa seva, pale upepo wa moto unapotokea, saa nzima. Kisomeo cha zamani kilikuwa kimefunikwa na vitabu. Tukakiwasha, taa ya kijani, kisha ya njano, kisha kikaanza kulalamika. Nikatega mwanzi. Mkanda wa ndani ulikuwa umelegea, unateleza. Kiwanda kilichoutengeneza kimeshakufa na mwenyewe kazikwa. Nikavua soksi, nikachomoa lastiki. Tumsifu alitaka kucheka, hakuweza.

Saa nne na nusu kikasoma.

Hatukuchota, tulitazama tu kwenye kioo, kwa visikizio, mmoja sikio la kulia na mwingine la kushoto. Nilianza na ya Mama Lupyana. Giza, moshi, mikono yake inachagua maharage. Hakuna kunguru. Hakuna lango. Ukutani, juu ya msumari, redio koli ya kambi inakoroma.

Tik.

"Ananja, fungua lango lote. Mashine zinaungua huku."

Tumsifu aliitambua sauti, akageuka akanitazama. Mimi nilitazama mkono wangu.

"Kaka, bwawa limejaa." Sauti ya Ananja, anahema, mvua nyuma yake. "Siku tatu imenyesha. Ukingo unalia, nausikia. Ngoja tufungue kidogo kidogo."

Tik.

"Fungua nimesema. Nakuagiza mimi."

Kila ule mlio wa kitufe cha redio ulipogonga, tik, kidole changu gumba kilibonya. Kwa wakati ule ule, bila kukosea, kama wanafunzi wawili wanaotoka shule moja. Miaka kumi na moja nilikuwa nakitibu kwa mafuta ya kondoo.

Kisha mikono ya Mama Lupyana ikasimama juu ya maharage, na ukaja mngurumo. Tumsifu akavua kisikizio.

Nilizima kisomeo. Nje mtu alikuwa anafagia ukumbi, fagio linakwenda na kurudi.

"Mzee," alisema baadaye, polepole, "tepu ni ya zamani. Tepu za zamani zinakatika. Hakuna atakayeuliza."

"Na Enesia?"

"Nisikilize. Baraza halipokei tepu. Linapokea kinachotoka ghalani. Tukiirudisha hii ndani leo, jioni mashine itailinganisha, itaona ni ile ile, itaimeza tena. Ili ibaki, lazima kiwango kirudi mia. Kikirudi mia, mtambo utaweka alama kwenye kila kumbukumbu iliyounganishwa, tangu siku ulipokishusha. Kila atakayechota ataona maandishi: hii ni ya mtu mwingine. Na hizo nyingine nyingi hazina tepu, maana ulizookoa ni makasha ya bohari moja. Utawaambia walichonacho si chao, na chao huna. Kwa ajili ya jina la mtu mmoja."

"Na langu."

"Lako lilikuwa safi, mzee. Hukujua."

Hapo ndipo nilipotoka nje.

*

Nililizunguka ghala mara tatu. Mara ya nne nilisimama penye jiwe la ukumbusho, chini ya bwawa jipya. Majina matatu. La Ananja halipo. Enesia alikuwa amekaa pale na chupa ya uji, kama mtu anayengoja basi analojua litachelewa.

"Imesoma?" aliuliza.

"Ulikuwa unajua."

Aliifungua chupa. Alimimina uji kwenye kifuniko, akanipa.

"Nilimpelekea uji asubuhi ile. Redio ilikuwa kiunoni mwake. Nilikuwa nimeshapanda njia ya juu, sauti yako ikanifikia. Ukiwa na hasira una sauti kubwa, shemeji."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema! Nilisimama mbele ya tume nikasema. Na wewe ukasimama baada yangu, ukasema kwa upole kabisa kwamba siku ile hukushika redio. Nilikutazama machoni, nitafute uongo." Akatikisa kichwa. "Haukuwepo. Ulikuwa unasema kweli yako yote. Ndicho kilichonitisha. Nikasema mtu huyu nitamchukia vipi, na hayupo? Tume ilitazama cha kidani changu mwenyewe, nacho kikasema kunguru. Wakaniandika kwamba nimechanganyikiwa kwa majonzi."

"Ungekuja kwangu mapema. Ungeniambia."

"Ungenikatalia. Ungenipa na kiazi, nikalale. Nilitaka usikie kwa masikio yako."

Uji ulikuwa wa ulezi, mtamu; nikamrudishia kifuniko.

"Tumsifu anasema watu watarudi kwenye mapanga."

"Labda," alisema Enesia. "Mimi sina jibu la hilo. Nina binti, na nina jiwe lina pengo. Nyinyi mliounganisha watu ndio mfikiri."

Nilimtazama, nikitegemea nisikie kitu kingine, neno laini kidogo. Hakuniwekea.

Nilirudi ndani saa saba. Kubadili kiwango kunataka vitu viwili: kadi ya mkuu na kidole cha fundi, na kidole changu hawajawahi kukifuta kwenye mtambo. Uvivu mwingine huo. Tumsifu alikuwa amesimama dirishani, macho mekundu.

"Alisema ukingo unalia," aliniambia bila kugeuka. "Alisema anausikia. Kama wewe na mwanzi wako." Akachukua shali. "Mama na shangazi sijui nitawaambia nini. Mimi nakwenda kula, mzee. Kadi yangu huwa naisahau mezani."

Akaisahau mezani.

Nilirudisha kwanza kumbukumbu zote kumi na moja kutoka kwenye tepu, na ile yangu. Kisha nikaandika mia. Mtambo ukaniuliza: una hakika? Mitambo ina maswali. Nikaweka kidole gumba, na kwa mara ya kwanza kikabonya kitu.

*

Asubuhi ya pili nje ya Baraza la Rufaa palikuwa na mstari kibandani, mrefu mpaka barabarani. Habari ilikuwa imeshafika kila kijiji. Watu walikuwa wanachota na kutoka wanasoma maandishi kwa sauti, "hii ni ya mtu mwingine," wengine wakicheka, wengine wakiwatafuta jirani zao kwa macho. Wanawake wawili walikuwa wameshakamatana kanga. Mama yake Tumsifu alikuwa pembeni, nywele nusu zimesukwa, nusu bado.

Zakayo Fungo alinifikia akiwa na panga kwapani.

"Obadia! Milanzi ile, baba yako aliipanda au hakuipanda?"

"Sijui, Zakayo."

"Hujui! Miaka yote hii nakuomba radhi mimi?"

"Panga la nini?"

Akalitazama kama limeota pale. "Sijui nalo. Nimelibeba tu, nikaona wenzangu wamebeba."

"Basi nenda kakate nusu ya kichaka. Jioni tugombane vizuri, tumekaa. Sasa hivi nina kikao."

Alibaki amesimama, mdomo wazi, kama yule jogoo.

Enesia alikuwa mlangoni, na binti yake. Ya watu kumi na mmoja baraza lilikuwa tayari nayo. Ilibaki yangu, mimi shahidi mwenyewe, na kanuni ni ile ile, anachota kwanza kisha anasema.

"Si lazima," Enesia alisema. "Sauti yako wameisikia kwenye ya Mama Lupyana. Unaweza kuikubali tu, ukaenda nyumbani na kichwa chako kilivyo."

"Nikikubali kitu nisichokikumbuka nitakuwa nimekubali nini?"

Alisogea, akanipisha.

Kibandani palinuka plastiki na jasho la watu. Kidole kilikwenda chenyewe, nilikifuata. Dakika mbili. Kunguru waliondoka kwanza, mmoja, halafu wa pili. Likaondoka sweta la bluu, maana mimi nilipokuwa sikuliona. Sikuwa nimetoka nje asubuhi ile. Nikaona chumba cha mitambo, taa nyekundu, saa ya ukutani saa nne na dakika tano, wenzangu wote wamekwenda chai. Nikaona redio mkononi mwangu wa kulia. Nikasikia, "Kaka, ukingo unalia."

Nilitoka. Enesia alinitazama machoni kwa muda mrefu, kama siku ile ya tume, anatafuta.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

"Haya. Sema kila kitu. Na kile kidogo usikiache."

Niliingia, nikasimama mbele ya meza ya majaji watatu, wakanitaka nieleze jina langu na nilichokuwa nafanya saa nne na dakika tano.

"Naitwa Obadia Sanga," nilisema. "Mkono wa kulia nilishika redio, nikamwagiza Ananja Tweve afungue lango, na aliponikataza nikamwagiza tena. Mkono wa kushoto nilishika kikombe cha chai. Kilikuwa cha moto. Sikukiweka chini."